Maduara ya Kalamu Nyekundu

4 Februari

Kaka,

Salamu zitakuja mwishoni, nikibakiwa na nguvu. Kwanza niache nilalamike.

Wewe na wifi watu wakiwauliza habari zangu huwa mnajibu, "Yuko hospitali," kana kwamba nimelazwa. Sasa leo nikueleze vizuri kazi yangu, maana huenda isiwe yangu tena. Niko chumba cha mvuke. Mikasi, visu na koleo vikitoka chumba cha upasuaji vimejaa damu, vinakuja kwetu. Tunaviosha, tunavikausha, tunavifunga kwenye kitambaa, tunabandika utepe, tunaviingiza kwenye mtambo wa mvuke. Utepe ukigeuka mweusi, furushi liko tayari kurudi kwa daktari. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili, na tisa ya mwisho ndiye mimi kiongozi wa chumba.

Wiki iliyopita limetoka tangazo. Rejesta yetu itaandikwa Kiingereza, ili wakaguzi waisome bila kuuliza mtu. Tarehe 20 Aprili kuna mtihani, na karibu wote ni vitenzi. Atakayepata chini ya ishirini na tano kwa hamsini anahamishiwa chumba cha kufulia. Kufua si aibu, mama alitulea kwa kufua. Lakini mashuka ya hospitali yakilowa ni mzigo wa wanaume wawili, na mgongo wangu wa miaka hamsini na miwili unajijua. Na tuseme ukweli, kaka: sikusoma kama wewe, sikujenga, mume aliondoka. Chumba kile ndicho kitu pekee duniani ninachokijua kuliko mtu mwingine yeyote. Wakinitoa mle sijui nitakuwa nani.

Kiswahili hakina taabu. Naandika "vimeoshwa", "vinachemshwa", "vitapelekwa", na daktari anajua mikasi yake iko wapi. Kiingereza mimi naandika "wash" tu kila mahali. Msimamizi wetu, binti mdogo lakini ana adabu, akaniuliza, "Mama, hapa wameosha, wanaosha, au unawaamuru waoshe?" Nikamwambia yote matatu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nifundishe kama ulivyonifundisha darasa la sita. Nitakuandikia sentensi, wewe utie duara jekundu penye kosa, jibu usinipe. Nakumbuka tulivyokuwa tunalia na yale maduara yako, hadi tukawa tunakuita Mwalimu Duara nyuma ya mgongo wako. Lakini aliyepita kwako alijua.

Simu yako nimepiga mara nne, inaita mpaka inachoka. Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Chiriku


15 Februari

Chiriku,

Barua nimepata. Simu ni mbovu, usipige. Mwandiko wangu usikushangaze, naandikia magotini.

Nilijua mnaniita Mwalimu Duara.

Kiingereza nitakufundisha. Mtu aliyefundisha vitenzi miaka thelathini na mmoja hawezi kumnyima mdogo wake. Somo la kwanza hili hapa, linakili kwenye daftari:

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo kichwani. Niliosha, nitaosha, nimeosha: mbele ndiko kunakobadilika. Cha Kiingereza hubeba mkiani. "Wash" huwa "washed", huwa "washing". Mkia ukiwa hautoshi, huita wasaidizi wasimame mbele yake: "was", "has", "will", "is being". Msaidizi ndiye anayetaja wakati, kitenzi chenyewe hutaja kazi.

Tena neno moja hufanya kazi mbili tatu. "I washed the scissors": hapo "washed" ni tendo. "The washed scissors": hapo limekuwa sifa ya mkasi. "Washing is hard work": hapo limekuwa jina la kazi yenyewe. Kwa hiyo usiulize neno hili ni nani. Uliza limesimama wapi na limeshika kazi gani.

Viko vilevile vitenzi vikaidi visivyokubali mkia wa kawaida: "give, gave, given", "break, broke, broken". Hivyo havina dawa. Vikariri.

Niandikie sentensi kumi za kazini kwako kila ukipata nafasi. Acha mistari mipana.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Lo! Somo lako nimelisoma kwenye foleni ya maji, nikalisoma tena jikoni, mboga zikaungua. Kumbe Kiingereza kinaweza kuelezwa kikaeleweka! Hapo pa neno kusimama mahali tofauti na kushika kazi tofauti, mbona hata mimi niko hivyo. Ndani ya chumba cha mvuke mimi ni kiongozi. Nikitoka getini mimi ni yule mama mwenye mfuko wa plastiki.

Nimechoka lakini. Mtambo mmoja umekufa tangu Jumanne, kwa hiyo mmoja unafanya kazi ya miwili, na sisi wanne tunafanya kazi ya wanane. Mvuke umenibabua mkono wa kushoto, si sana. Nikirudi nyumbani navua viatu nakaa dakika kumi naangalia ukuta, halafu ndipo nafungua daftari.

Sentensi zangu kumi ziko kwenye karatasi ya pili. Nikutajie tatu nilizozionea fahari:

"The scissors were washed and dried."
"I have packed six bundles."
"The machine is broken."

Usinionee huruma. Tia kalamu.

Chiriku


5 Machi

Chiriku,

Karatasi yako narudisha. Kumi umeandika, saba zina duara. Tafuta mwenyewe penye kosa. Ukipata, andika upya uniletee.

Usikate tamaa. Mvumilivu hula mbivu.

Kaka yako


22 Machi

Kaka,

Mbivu wamekula wengine, mimi nimebaki kuvumilia.

Nimekaa na maduara yako wiki mbili. Umetia kwenye "were washed", kwenye "have packed", hata kwenye "broken", na hilo la mwisho nilidhani nalijua kama jina langu, maana umeniandikia mwenyewe kwenye somo. Nikajisemea, Mwalimu hakosei, kuna kitu sikioni. Nikaandika "were washing". Nikaandika "had pack". Nikaandika "the machine is breaking". Nikakutumia, ukarudisha na maduara mapya, sasa hata kwenye "the machine" kwenyewe. Nimebadilisha tena. Saa hizi nikianza sentensi kalamu inasita kabla haijagusa karatasi, kama mtu anayeingia chumba chenye giza akipapasa swichi.

Halafu nina aibu ya kukueleza. Msimamizi alipita akaona daftari langu. Akasoma hiyo "the machine is breaking" akasema, "Mama, ina maana mtambo unavunjika hivi sasa, tukimbie?" Wote wakacheka. Akachukua kalamu ya risasi akaniambia ile ya kwanza, "is broken", ndiyo ilikuwa sahihi, na ile ya mikasi vilevile. Kaka, damu ilinipanda. Nikamwambia mbele ya watu kwamba kaka yangu alikuwa anafundisha vitenzi kabla yeye hajaota meno, na kwamba asiniharibie kazi ya mwalimu kwa kalamu yake ya risasi. Akasema samahani akaondoka. Msichana wa watu hakuwa amekosa adabu hata kidogo, mimi ndiye niliyekosa.

Lakini niko upande wako. Nieleze tu kidogo, safari hii moja. Zile tatu zina kosa gani?

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Huyo msimamizi wako msikilize. Kamwombe radhi.

Kuhusu zile tatu, sikuwahi kumpa mwanafunzi jibu, na nikianza leo utaniuliza na kesho. Zitazame tu.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia. Nimeanza mara mbili nikachana karatasi. Litasubiri mtihani upite.

Sentensi zako ziendelee kuja. Usiache kuziandika, hata ukichoka vipi. Nakusihi.

Kaka yako


25 Aprili

Kaka,

Nimeanguka. Kumi na saba kwa hamsini.

Nikueleze ilivyokuwa, labda wewe utaelewa. Nilipofungua karatasi, majibu yalikuwa yanakuja. Nakuapia yalikuwa yanakuja yenyewe, mkono unaandika kabla kichwa hakijauliza. Nilipomaliza nikarudia kusoma. Na kila niliposoma nikaliona duara lako. Nikajisemea, hapa Mwalimu angetia, na hapa angetia. Nikafuta nikaandika kingine. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jana msimamizi aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi yangu. Akaniambia, "Mama, tazama chini ya ulivyofuta." Tukahesabu pamoja. Kama nisingefuta neno hata moja, ningepata thelathini na sita.

Alinipa kitambaa akatoka nje ili nilie. Ana utu yule binti.

Kuanzia Jumatatu niko chumba cha kufulia. Chumba cha mvuke amepewa yule niliyemfundisha mimi kufunga mafurushi, alipokuja hajui hata kubandika utepe. Ameniambia, "Shikamoo mama, samahani." Nimemwambia marahaba, angalia vali ya kushoto huwa inavuja.

Kuna mtihani wa marudio tarehe 16 Juni. Sijui kama nina kichwa cha kuurudia. Wewe uliyefundisha wajinga wa kila aina, niambie nina ujinga wa aina gani. Ulikuwa unaona nini ambacho mimi sikukiona?

Chiriku


6 Mei

Wifi yangu,

Barua hii kaka yako hajui kama naiandika. Niliapa kwake kwamba sitasema. Leo navunja kiapo na Mungu atanisamehe, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa na kifo ndani ya nyumba yangu.

Mwezi wa Novemba alipata kiharusi. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akaanguka ubavu. Siku tisa hakusema neno. Siku ya kumi akaniomba maji, nikashukuru nikajua yamekwisha. Mkono wa kulia umerudi nusu, ulimi unaburuta kidogo, ndiyo maana simu hapokei. Simu si mbovu hata chembe.

Lakini Kiingereza kimekwenda, wifi. Chote. Anafungua vitabu vyake anavitazama kama barua za mtu mwingine. Daktari alisema hutokea, mtu mwenye lugha mbili kubaki na moja, ile ya utotoni. Akasema kikirudi, kitarudi kwa mazoezi, na kisiporudi basi tena. Kaka yako akanikataza nisimwambie binadamu yeyote. Wanafunzi wake wa zamani wakija kumjulia hali nawaambia amelala. Amevaa na kunyoa, amekaa chumbani, nawaambia amelala.

Barua yako ya Februari ilipokuja nilimwambia amjibu dada yake ukweli. Akasema, "Huyu ndiye mtu pekee aliyebaki anayenitaka kwa Kiingereza." Lile somo alilinakili kutoka madaftari yake ya kufundishia, herufi kwa herufi. Kisha sentensi zako zikawa zinakuja. Wifi, alikuwa akikaa nazo mezani tangu chai ya asubuhi mpaka jua linapofika dirisha la pili. Anazisoma kwa sauti. Anazinakili. Ndizo zilizokuwa mazoezi yake. Mimi na cherehani yangu nimezisikia mpaka nazijua: "I have packed six bundles." Akifika penye kutia duara anainua kalamu, anaishusha, anaiinua tena. Nilimwuliza, "Una uhakika?" Akanijibu niendelee kushona.

Barua yako ya kuanguka mtihani imefika Alhamisi. Tangu hapo chakula anakigusa kwa adabu tu. Sikuandikii umwonee huruma. Nakuandikia kwa sababu unadhani wewe ni mjinga, na si kweli.

Wifi yako


14 Mei

Kaka,

Wifi ameniandikia. Usimgombeze, au utanisikia mimi.

Nina hasira, na nitaisema yote leo kwa sababu kesho sitakuwa na nguvu. Nimesimama kwenye maji ya sabuni saa nane. Vidole vyangu vimekunjamana, siwezi hata kushika kalamu sawasawa, sasa tunafanana mwandiko.

Umenidanganya. Ulikuwa mgonjwa, sawa. Uliona aibu, sawa. Mimi nimeshika damu ya watu miaka ishirini na miwili, unadhani ningekucheka kwa kiharusi? Ningepanda gari siku ileile. Ningekupikia, ningekufulia, hata ningekunyamazia. Neno moja tu ulitakiwa kuandika: sijui. Wewe uliyekuwa ukimpiga mtu akijifanya anajua! Wewe uliyetuambia kuuliza si ujinga!

Mtu mmoja alinionyesha ukweli kwa kalamu ya risasi nikamtukana kwa ajili yako. Nilisimama mbele ya wenzangu nikakutetea. Halafu ukaniandikia nimsikilize, maana yake ulijua. Tarehe 2 Aprili ulijua, kaka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Ungeweza kuniokoa kwa kipande cha karatasi.

Na usiniambie yaliyopita si ndwele. Ni ndwele, ziko mgongoni mwangu, kila nikiinua beseni nazihesabu.

Mtihani wa marudio nitaufanya. Msimamizi amejitolea kunifundisha saa ya chakula, dakika ishirini. Sentensi sikuletei tena.

Dada yako


28 Mei

Kwa Msimamizi, chumba cha mvuke,

Hunijui. Mimi ni kaka wa mama uliyemhamishia chumba cha kufulia mwezi uliopita. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sina lugha nyingine.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwezi wa Novemba niliugua kiharusi na Kiingereza chote kikanitoka. Haya sijamwambia jirani, wala mwalimu mwenzangu, wala mwanafunzi wangu hata mmoja. Nakwambia wewe, na una ruhusa ya kumsomea yeyote utakayeona anafaa kuyasikia, hata kama ni mkutano mzima wa hospitali.

Dada yangu aliniletea sentensi zake nizisahihishe, nikakubali, nami sijui. Nikitazama sentensi naweza kuona kitenzi ni kipi. Hilo limebaki, sijui kwa nini. Najua hili ndilo linalofanya kazi na haya mengine yanalisaidia. Lakini kama amekivalisha nguo sahihi ya wakati wake au la, sioni. Ni kama kukuta watu wa ukoo wangu nikajua ni ndugu, nisijue ni nani shangazi na ni nani binamu.

Sasa nitakueleza kwa nini nilitia maduara, maana utajiuliza. Mwalimu ana hofu moja kubwa kuliko zote, nayo ni kupitisha kosa bila kuliona. Nikajisemea, nikiacha bila duara na kumbe kuna kosa, nitakuwa nimemwangusha. Nikitia duara na kumbe hakuna kosa, atatazama, atagundua, ana akili. Kwa hiyo nilitia kila nilipokuwa na wasiwasi, na wasiwasi nilikuwa nao kila mahali. Sikukumbuka kwamba huyu ni mdogo wangu, na kwamba akiona kalamu yangu na macho yake vinapingana, atayakataa macho yake.

Uliponisahihisha wewe, nilijua kuwa nimeharibu. Nikaanza kumwandikia ukweli, nikachana. Mara mbili. Hapo sikuwa mgonjwa. Hapo nilikuwa mwoga.

Yale aliyoyafuta kwenye karatasi aliyafuta kwa mkono wangu. Alichokijua mwenyewe ni kile kilicho chini, na dada anasema mlikihesabu pamoja. Naomba mumpe alama zake. Kama sheria haikubali, basi naomba angalau wenzake waliomcheka wajue alikuwa anajua, na kwamba aliyekuwa hajui ni mimi.

Mwalimu mstaafu


9 Juni

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeipata. Nilikaa nayo siku mbili kabla ya kujua la kufanya.

Niliipeleka kwa kamati, na kwa kuwa uliruhusu, niliisoma yote. Hakuna aliyecheka. Hata hivyo wamesema jibu lililofutwa haliwezi kuhesabiwa, kwa kuwa wakimhesabia mmoja watadaiwa na wote. Nilibishana nao nikashindwa. Mtihani wa marudio uko palepale, na akifaulu atarudi chumba cha mvuke. Lakini uongozi wa chumba umeshapewa mtu mwingine kwa barua rasmi, huo hautarudi. Samahani Mwalimu, naona ni bora nikueleze wazi.

Mama hajui kuhusu barua yako. Sikumwonyesha kwa sababu anajitahidi sana, na niliogopa kumtikisa kabla ya tarehe 16. Saa ya chakula anakula kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika. Kazi yangu kubwa imekuwa kumkataza kufuta. Nimemnyang'anya kifutio.

Wenzake wameambiwa.

Nakutakia afya njema,
Msimamizi


24 Juni

Kaka,

Nimepata ishirini na saba. Mbili tu juu ya mstari. Mikono ilikuwa inawasha kwa sabuni, na mara tatu nilitaka kufuta nikaikalia mikono yangu.

Jumatatu nimerudi chumba cha mvuke. Si kiongozi tena. Kiongozi ni yule niliyemfundisha mafurushi, sasa mimi namwuliza yeye niende lini chakula. Asubuhi ya kwanza alinipangia kuosha, kazi ya anayeanza, halafu akaona haya akanihamishia kufunga. Nilimwambia aniache palepale. Nimeosha mikasi arobaini. Kwenye rejesta nimeandika mwenyewe, kwa Kiingereza, na mkaguzi akipita atajua imeoshwa, na ni mimi niliyeiosha. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Nimechoka tu, kaka, na mgongo haujui kwamba nimefaulu.

Jioni msimamizi akanipa barua yako. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, mguu mmoja una kiatu. Nimeisoma mara moja. Siwezi kuisoma ya pili. Nimekujua maisha yangu yote, hata shilingi uliyopoteza hukumwambia mama kwamba imepotea, ulisema umeiweka mahali. Na mtu huyo ameruhusu siri yake isomwe mbele ya kamati nzima ya watu asiowajua.

Ndiyo maana wenzangu walikuwa wananiangalia vile tangu mwanzo wa mwezi. Nilidhani wananionea huruma. Mmoja ameniambia leo, "Kumbe ulikuwa unajua." Nimeenda chooni nikalia, tena nikajikasirikia kwa kulia.

Sijakusamehe, nisikudanganye. Kila nikimwona yule niliyemfundisha amekaa kwenye kiti changu, hasira inarudi mbichi. Itaisha lini sijui, na kama haitaisha sijui vilevile.

Nimeomba likizo, nimepewa siku kumi kuanzia tarehe 3. Nakuja. Hasira ninayo na nakuja nayo, maana sina wa kumwachia. Mwambie wifi nitalala chumba kimoja na cherehani yake. Na wanafunzi wako wakija kukujulia hali nikiwa hapo, mlango nitafungua mimi. Sitasema umelala.

Mdogo wako,
Chiriku